Uvira: Samaki wawili ndani ya bidoni

KILIBULA, UVIRA – Watoto wa kata hii wana katuni wanayoijua kwa jina la Kifaransa: Mes parrains sont magiques. Wanaoelewa kila neno linalosemwa humo ni wachache. Wengi hushika maneno mawili matatu, na aliye mkubwa kidogo huwatafsiria wenzake kwa Kiswahili huku picha zikikimbia. Katuni yenyewe inaingia mitaani kwa njia ambazo kila mtu anazijua: fleshi inayopita mkono kwa mkono, kadi memori iliyojazwa kwenye kibanda cha kuchajia simu, au televisheni ya jirani mwenye pano ya sola, siku ambazo umeme wa SNEL umekataa. Watoto kumi na tano, ishirini, wanabanana sakafuni. Anayechelewa anatazamia dirishani.

Neno parrain halihitaji kufafanuliwa hapa. Ni baba wa ubatizo, au yule anayesimama na maharusi siku ya ndoa na kubeba sehemu ya gharama. Mtoto akilisikia anafikiria mtu ambaye sikukuu ikifika haji mikono mitupu. Kwenye katuni, parrain na mke wake ni watu wadogo sana wenye mabawa, taji na fimbo ya nyota. Mume ni Cosmo mwenye nywele za kijani, mke ni Wanda mwenye nywele za waridi. Wanamtumikia mvulana wa miaka 10, Timmy Turner, ambaye wazazi wake kila mara wanatoka na kumwacha mikononi mwa Vicky, msichana wa kumlinda ambaye kazi yake ni kumtesa. Timmy akisema anatamani kitu, fimbo inamulika na kitu kinatokea palepale. Mtu mwingine akiingia chumbani, Cosmo na Wanda wanageuka samaki wawili ndani ya chombo cha kioo.

Hapo watoto wa ziwani huangua kicheko. Kwao samaki ni ndagala waliotandazwa juani, au mikeke inayokaangwa na kuliwa na bugali. Samaki wa kuwekwa chumbani ili atazamwe ni kichekesho tosha. Lakini Ziwa Tanganyika lina zaidi ya aina 200 za samaki wadogo wa rangi wasiopatikana popote pengine duniani, na kuna watu ng'ambo wanaowanunua ili kuwafuga ndani ya kioo hivyohivyo.

Kwa Kiingereza katuni inaitwa The Fairly OddParents. Ni kazi ya Mmarekani Butch Hartman. Ilianza kuonyeshwa Nickelodeon tarehe 30 Machi 2001 na ikaendelea hadi 2017. Mwaka 2024 ulitoka mfululizo mpya, safari hii mtoto ni msichana, Hazel, ambaye familia yake imehamia mji mkubwa asioujua, na kaka yake hayuko naye tena.

Nguvu yake ni moja, na watoto wanaikamata haraka kuliko wazazi. Ombi linatimizwa kama lilivyosemwa, halitimizwi kama lilivyokusudiwa. Timmy anaomba kila siku iwe Noeli. Furaha inageuka karaha, zawadi zinachosha, na sikukuu nyingine zinakuja juu kwa hasira. Amechoka kuchekwa, anaomba watu wote wafanane; wote wanakuwa madonge ya kijivu yasiyotofautishwa, hata mama hajulikani ni yupi. Anaomba awe mtu mzima ili asisumbuliwe, lakini maparrain hao ni wa watoto tu, na aliyekuwa mkubwa hastahili kuwa nao. Kila mara anatumia dakika zinazobaki kuufuta muujiza aliouomba mwenyewe.

Mama mmoja anayeuza makala kwa mafungu kando ya njia, hapahapa Kilibula, aliitazama mara ya kwanza kwa sababu watoto walikuwa wamejazana nyumbani kwake na yeye alikuwa anasubiri wamalize ili atandike mikeka. Alitazama moja, akatazama ya pili. Akasema hadithi hiyo ameisikia kanisani. Yefta, katika kitabu cha Waamuzi, alimwahidi Mungu kwamba akishinda vita atamtoa sadaka yule atakayetoka wa kwanza mlangoni kumlaki. Alishinda. Aliyetoka mbio, anacheza na matari, ni binti yake wa pekee. Mfalme Sulemani, alipoulizwa anataka nini, hakuomba mali wala maisha marefu wala roho za adui zake. Aliomba akili ya kuhukumu, na hayo mengine akaongezewa. Mama huyo akamalizia kwamba Timmy angekwenda shule ya Jumapili angepunguza shida zake. Watoto walicheka.

Watu wa Uvira wana mifano yao wenyewe bila kuangalia televisheni. Kwa miaka mingi wanawake wa kata za juu walikuwa wakiomba maji yawe karibu. Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020 maji yalikuja. Mvua kubwa ilipiga milimani, mto Mulongwe ukavunja kingo zake, ukashuka na mawe na miti, ukabeba nyumba na watu waliokuwa usingizini. Makumi ya maelfu walibaki bila makazi, na mitambo ya kusafisha maji nayo iliharibika, hata mji uliojaa maji ukakosa maji ya kunywa. Ziwa nalo lilipanda. Aliyekuwa na kiwanja mita mia kutoka ufukweni, akitamani angekuwa jirani na maji, aliamka akakuta mawimbi mlangoni. Bandari ya Kalundu ilifunikwa. Na watoto waliokuwa wanaomba shule ifungwe walipata: mwaka huohuo wa 2020 korona ilifunga madarasa ya nchi nzima, na vita vya 2025 vikafunga mengi ya mkoa. Mwezi wa kwanza walicheza. Mwezi wa pili walianza kuuliza lini wanarudi.

Mama muuza makala alipata wageni mwishoni mwa Februari 2025. Bukavu ilikuwa imeanguka katikati ya mwezi huo, mapigano yakashuka na barabara ya bonde la Ruzizi, na watu wa Kamanyola wakakimbia, baadhi kuvuka mto kwenda Burundi, ambako uwanja wa mpira wa Rugombo ulifurika, wengine kushuka kusini hadi Uvira. Mwanamke mmoja kutoka Kamanyola alifika Kilibula na watoto watatu, godoro moja na sufuria. Hawakuwa ndugu na mwenye nyumba. Walikutana kanisani tu, na mwenye nyumba akasema chumba cha mbele kinatosha. Yeye mwenyewe alikuwa na watoto wanne, wa mwisho akiwa na miezi 8.

Mume wa mgeni hakufika nao. Walipotezana njiani, usiku, watu walipoanza kukimbia kila mmoja upande wake. Simu yake iliita siku mbili, kisha ikanyamaza.

Mtoto mkubwa wa mgeni ni msichana wa miaka 9. Kamanyola alikuwa wa kwanza au wa pili darasani. Kilibula alikuwa mtoto wa kubebesha maji na kulea mdogo wake, asiye na rafiki, anayechekwa kwa namna anavyotamka maneno. Kwenye televisheni ya jirani alipata mahali pa kukaa kimya bila mtu kumuuliza lolote. Kati ya watoto wote waliojazana pale, yeye ndiye aliyekuwa haangui kicheko. Alikuwa anahesabu kanuni.

Katuni ina kanuni nyingi, na kitabu kikubwa kimeziandika zote. Hairuhusiwi kuomba ushinde mashindano. Hairuhusiwi kuomba mtu afe. Hairuhusiwi kuvuruga mapenzi ya kweli. Na iliyo juu ya zote: mtoto akimwambia mtu yeyote kwamba ana maparrain, wanaondoka milele na kumbukumbu zake kuhusu wao zinafutwa. Mwalimu wa Timmy, Bwana Crocker, anayechekwa na mji mzima kwa kudai kwamba viumbe hao wapo, alikuwa nao utotoni, akawapoteza siri ilipofichuka mbele ya watu.

Wiki chache baadaye msichana alikata bidoni ya mafuta ya lita tano, akaiosha, akajaza maji ya ziwa na kutia samaki wawili wadogo aliopewa na wavuvi ufukweni. Mmoja alikuwa na mstari wa njano, mwingine mweusi. Aliiweka nyuma ya nyumba, kati ya ukuta na rundo la matofali. Watu wazima waliona, wakadhani ni mchezo.

Ombi la kwanza lilikuwa baba arudi. La pili, ambalo alilisema usiku mmoja baada ya kukosa usingizi, lilikuwa mtoto wa mwenye nyumba anyamaze. Mtoto huyo alikuwa anaota meno na kulia hadi alfajiri, na kila akilia msichana aliogopa kwamba mwenye nyumba atachoka na kuwafukuza wote.

Siku ya tatu mtoto alinyamaza. Alikuwa ameharisha tangu usiku, maji matupu meupe kama ya kuoshea mchele, akatapika, na kufika asubuhi macho yalikuwa yameingia ndani na hakuwa na nguvu ya kulia. Alibebwa kwa pikipiki hadi kituo cha matibabu ya kipindupindu.

Nyumbani walibaki majirani, koko wa avenyi na watoto. Msichana wa Kamanyola alikaa chini karibu na mlango, anatetemeka. Koko alimuuliza ana nini. Akajibu mbele ya watu wote: "Ni mimi. Niliomba anyamaze. Samaki wangu ndio wamefanya."

Kwa masikio ya mtu wa Marekani aliyekua na katuni hiyo, maneno hayo ni ya mtoto aliyechanganya sinema na maisha. Kwa masikio ya Kilibula ni kitu kingine kabisa. Mtoto wa kuja, asiyejulikana ukoo wake, baba hayupo, anakiri kwa mdomo wake kwamba anaficha viumbe nyuma ya nyumba, anazungumza nao usiku, na wamemdhuru mtoto mchanga wa watu waliompokea. Kila Mkongomani anajua mlango ambao hadithi kama hiyo huufungua. Katika miji ya Kongo kuna watoto wanaolala barabarani leo kwa sababu siku moja, nyumbani, kulitokea ugonjwa au kifo, na mtu akawaelekezea kidole. Mara nyingi ni yatima, mtoto wa kambo, mtoto mlemavu, anayekojoa kitandani, au mgeni. Mtoto ambaye hana mtu wa kumtetea. Na mara nyingi sana ushahidi unaotolewa ni kwamba "amekiri mwenyewe."

Neno lilitembea kwa saa mbili. Mchana walikuwepo watu mlangoni ambao hawajawahi kufika nyumba hiyo. Mmoja alisema samaki wachomwe. Mwingine akasema mtoto apelekwe kwenye maombi ya kufungwa chumbani bila kula mpaka atoe kilichomo. Mama wa msichana alikaa kitandani na watoto wake watatu, ameshika mkoba uliokuwa na nguo. Alikuwa tayari kukimbia tena, ila hakujua upande upi.

Aliyekata neno ni mwenye nyumba, ambaye alikuwa na haki kuliko wote ya kukasirika. Alirudi jioni kuchukua kitenge na sufuria ya kupelekea chakula, akakuta kikao. Walipomweleza, alimtazama msichana, akauliza swali moja: "Walikuwa wanageuka nini, wale wa kwenye katuni?" Msichana akasema, "Samaki, mama mkubwa." Mwenye nyumba akawageukia watu: "Mimi nimeitazama hiyo. Watoto wenu wote wameitazama nyumbani kwangu na kwa jirani. Mwiteni mtoto yeyote hapa awaeleze." Wakaitwa. Wa miaka 7 akaeleza Cosmo, akaeleza Wanda, akaonyesha fimbo kwa kijiti. Mwingine akakiri kwamba yeye alifanya hivyohivyo na chura, akiomba baiskeli, na hakupata kitu. Mtu mmoja akacheka, na palepale uzito wa kikao ulipungua.

Kisha mwenye nyumba akawauliza jambo la pili: "Bomba la Regideso lilitoka lini mara ya mwisho?" Walihesabu. Siku ya nne ilikuwa inaisha. Tangu bomba likauke, avenyi nzima ilikuwa inachota ziwani, na maji ya kumlisha mtoto uji yalikuwa ya ziwani, yaliyochemshwa siku ambayo makala yalitosha tu.

Hilo swali lina uzito kuliko alivyojua. Uvira ni mmoja wa miji ambayo kipindupindu hakiondoki mwaka mzima, na watafiti wamekifuatilia hapa kwa karibu. Utafiti uliochapishwa 2015, uliotumia takwimu za mji huu kuanzia 2009 hadi 2014, ulilinganisha siku za bomba na wagonjwa waliolazwa. Bomba likikauka kabisa, katika siku 12 zinazofuata wagonjwa wanaoshukiwa kuwa na kipindupindu huongezeka zaidi ya mara mbili. Watafiti walikadiria kwamba karibu mgonjwa mmoja kati ya wanne alitokana na kukosekana kwa maji ya bomba. Vimelea huingia kwa maji au chakula, na dalili hutokea kati ya saa chache na siku tano. Kumwagika kwa maji ya mwili ndiko kunakoua, na ndiko kunakomnyamazisha mtoto. Akinyweshwa mapema maji ya chumvi na sukari, akafikishwa kituoni, karibu kila mgonjwa anapona. Mtoto wa Kilibula alitundikiwa maji siku mbili, akarudi nyumbani analia kama zamani. Mama yake alisema hajawahi kufurahia kelele kiasi hicho.

Mkuu wa avenyi aliitwa usiku uleule. Alisema maneno machache, na yanafaa kurudiwa. Katiba ya nchi ya tarehe 18 Februari 2006, kifungu cha 41, inakataza kumtuhumu mtoto uchawi. Sheria ya ulinzi wa mtoto nambari 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009 inatoa adhabu ya kifungo na faini kwa anayefanya hivyo. Anayemfungia mtoto na kumnyima chakula kwa jina la maombi naye anaingia kwenye sheria, hata kama ameshika Biblia. Watu wakatawanyika. Wawili walirudi asubuhi kumpa mama wa msichana pole, wakamletea ndagala.

Katuni hiyo haikosi wanaoilaumu. Siku zilizofuata mchungaji mmoja alihimiza wazazi waifute kwenye simu, kwamba inafundisha watoto kuomba kwa wasio Mungu. Vijana wawili wakajibu kwamba ukiifuta hiyo, zipo mia nyingine, na kwamba hadithi za majini wa chupa na samaki wanaotimiza matakwa ni za zamani kuliko televisheni. Wazee wanaozijua wanakumbuka kwamba nazo zinaishia vilevile: mvuvi anaambiwa na samaki aombe, mke wake anaomba nyumba, anaomba ikulu, anaomba zaidi, na mwisho wanarudi kwenye kibanda chao. Somo ni lilelile alilolipata Timmy. Upande huo, katuni haina kosa.

Mwenye nyumba aliona shida kwingine, na alilisema kwa wanawake wenzake pale wanapouzia. Shida ni kanuni ya siri. Katuni inamwambia mtoto: kuna mtu mkubwa mwenye uwezo, anakupa unachotaka, na ukimwambia mama utapoteza kila kitu. Kwenye picha mtu huyo ni Wanda, na anampenda mtoto kweli. Barabarani mtu huyo ana biskuti, ana simu, ana franga elfu mbili, anaahidi kazi mgodini, anaahidi kuvusha mtu hadi alipo baba yake. Naye pia anasema usimwambie mama. Watoto wa wahami, ambao mahitaji yao ni mengi na wazazi wao wanashinda njiani kutafuta chakula, ndio anaowaanza. Wanawake hao walikubaliana kila mmoja aseme nyumbani kwake kanuni iliyo kinyume: mtu akikupa kitu na kukuambia usiseme, hiyo ndiyo ya kusema kwanza. Na mtoto akisema, asipigwe, hata kama biskuti alishakula.

Mama wa msichana alichukua muda mrefu zaidi na jambo jingine. Binti yake hakuwa amedanganya mtu wala kucheza. Aliamini kwa moyo wote kwamba wazo lake lilimwangusha mtoto. Watu wanaosomea akili za watoto wanaijua hali hiyo. Mswisi Jean Piaget aliieleza tangu miaka ya 1920, kwamba mtoto huweza kuona fikira zake kama kitu kinachoweza kusukuma dunia. Mtoto aliyeona vita anabaki nayo kwa uchungu. Mama huyo alikuja kugundua, kwa kuuliza polepole jioni baada ya jioni, kwamba samaki hawakuwa mwanzo. Usiku ule wa Kamanyola, kabla ya risasi, msichana alikuwa amekasirikia baba yake kwa sababu alimkataza kwenda kwa rafiki, na akasema moyoni afadhali aondoke. Saa chache baadaye wote waliondoka, na baba hakuonekana tena. Miezi yote hiyo alikuwa ameibeba peke yake. Bidoni ilikuwa ni njia yake ya kulifuta ombi la kwanza, kama Timmy anavyofanya kila mara kabla hadithi haijaisha.

Mama yake hakuwa na maneno ya kitaalamu. Alimwambia: "Mwanangu, mimi nilimkasirikia baba yako mara elfu, na kila jioni alirudi. Hasira ya mtu haiwezi kuleta askari." Alirudia siku nyingi, kwa sababu mara ya kwanza mtoto hakuamini. Samaki hawakuchomwa. Msichana mwenyewe aliwarudisha ziwani, akifuatana na watoto wawili wa mwenye nyumba na yule wa chura, ambaye sasa ni rafiki yake. Televisheni bado anatazama. Sasa anacheka kwa Cosmo, ambaye ni mjinga kupita kiasi.

Avenyi nayo ilifanya kidogo ilichoweza. Bomba likitoka, kila nyumba inajaza pipa lake lenye mfuniko badala ya kungoja kesho. Bomba likikauka, anayechota ziwani anatia dawa ya klorini kabla ya kunywa, na makala ya kuchemshia maji ya watoto wachanga yanachangwa. Mwenye nyumba hutoa fungu moja kila siku ya ukame wa bomba. Anasema ni rahisi kuliko pikipiki ya usiku.

Ombi la baba bado halijajibiwa. Mama wa msichana alikwenda kuandikisha jina la mume wake kwa watu wa Msalaba Mwekundu, ambao pamoja na CICR hutafuta ndugu waliopotezana kwa sababu ya vita. Huduma hiyo hailipiwi hata franga moja, na anayeombwa pesa kwa ajili yake ajue anatapeliwa. Mtu huulizwa jina kamili la anayetafutwa, majina ya wazazi wake, umri, kijiji cha asili, na mahali na siku alipoonekana mara ya mwisho. Watoto waliopotea peke yao nao huandikishwa hivyohivyo. Alikwenda na binti yake, kwa sababu binti ndiye anayekumbuka vizuri rangi ya shati aliyovaa baba usiku ule.

Ilikuwa ya bluu, mikono mirefu, kifungo kimoja cheupe ambacho si chake. Aliyeandika aliyaweka yote kwenye karatasi.